Gitaa la Arap Mosonik Lililofundishwa Kuwa Kinanda

Nyinyi vijana mnaopita hapa kwangu Kapsoit na kuniuliza kama kweli niliwahi kuwa fundi, asanteni kwa heshima. Ndiyo, niliwahi. Kabla simu zenu hazijaanza kupiga ngoma, filimbi na kwaya nzima kwa kubonyeza kidole kimoja, kulikuwa na watu waliozitafuta sauti hizo kwa bisibisi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitengeneza redio, amplifaya na magitaa mjini Kericho mpaka mgongo ukapinda, na ulipinda juu ya meza ya kazi, si juu ya video za watu wanaoanguka kwenye matope.

Basi kaeni. Mwenye haraka aende sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Chai ipo, na sukari ipo kidogo, kwa hiyo msijifanye wageni.

Kazi nilifundishwa na Jaduong' Okumu, mzee wa kwetu kutoka upande wa ziwa. Alikuja Kericho kuchuma chai, akagundua kwamba majani huchumwa hata mvua ikinyesha, na kwamba Kericho mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa. Akaamua redio ni bora, kwa sababu redio hutengenezewa ndani. Huo ndio wito aliokuwa nao. Watu husema waliitwa na Mungu. Jaduong' aliitwa na nguo kulowa.

Shule ya umeme hakuwa nayo, ila alikuwa na kanuni moja: usifungue kitu ambacho hujakisikiliza. Mteja akileta redio inayokwaruza, Jaduong' aliiwasha, akaegemea ukuta, akafumba macho. Mimi nilidhani analala, na mara nyingine kweli alikuwa analala. Lakini akifungua macho alikuwa anajua ugonjwa uko wapi.

Mimi nilikuwa mjanja kama nyinyi. Siku moja karani wa kiwanda cha chai alileta redio iliyokufa kabisa, na Jaduong' alikuwa ameenda mazishini. Nikaifungua hapohapo. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha spika, nikachomoa waya na kuzirudisha, nikayeyusha risasi ya kuungia waya hadi kibanda kikajaa moshi. Redio ikabaki kimya. Jaduong' aliporudi aliitazama, akafungua kifuniko cha nyuma, akageuza betri moja iliyokuwa imewekwa kichwa chini. Redio ikaanza kusoma taarifa ya habari. Alinipa tu ufagio, nikafagia kwa wiki nzima, na ule ufagio ulinifunza umeme kuliko kitabu chochote.

Ila Jaduong' naye alikuwa na ugonjwa wake, nao ni minada. Wakati huo mameneja wa mashamba makubwa walipohamishwa au kurudi kwao, walitandaza vitu vyao kwenye nyasi mbele ya nyumba, watu wakaja kununua. Wenzake walirudi na viti, sufuria na blanketi. Jaduong' alirudi na vitu ambavyo havikuwa na jina. Siku moja alikuja na sanduku jeusi lenye vitufe vingi, waya mmoja mnene wenye meno mengi kichwani, na bahasha iliyokuwa na kidude chembamba chenye vichwa sita vidogo vilivyopangwa mstari mmoja.

"Hii ni ya kusafisha sauti ya kanisa," alisema kwa uhakika mkubwa.

Haikusafisha kitu. Tuliiunganisha na kipaza sauti cha mhubiri mmoja wa Soin, na mhubiri akatoweka hewani, yeye na mahubiri yake, jambo ambalo baadhi ya waumini walilipokea kwa shukrani. Baada ya hapo sanduku liliwekwa kwenye rafu, tukaanza kuliwekea vikombe. Kwa muda mrefu kifaa cha kisasa kuliko vyote Kericho kilikuwa kinashikilia chai.

Jaduong' alifariki bila kujua alinunua nini. Mimi nilikuja kujua miaka ya tisini, siku mpiga gitaa wa hoteli moja ya Kisumu aliponiletea amplifaya. Aliliona sanduku chini ya vikombe, akacheka mpaka akashika mlango.

"Omera, ndugu yangu, unajua hii ni nini? Hii inafanya gitaa iongee kama kinanda!"

Akanieleza, nami nawaeleza nyinyi, kwa sababu najua mtajifanya mnajua. Gitaa la kawaida la umeme lina sumaku chini ya nyuzi zake. Nyuzi zote hutetemeka juu ya sumaku hiyo, na sauti zake huchanganyika na kwenda kwenye amplifaya zikiwa kitu kimoja, kama maziwa ya ng'ombe wote kwenye mkebe mmoja. Kile kidude chembamba hukaa kando ya daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa tumbo la gitaa, na kila kichwa husikiliza uzi wake peke yake. Ule waya mnene hupeleka habari za nyuzi sita, kila moja kwa njia yake, hadi kwenye sanduku. Sanduku hupima uzi unatetemeka kwa kasi gani, linajua hiyo ni noti gani, kisha linaitoa noti hiyohiyo kwa sauti unayochagua: kinanda, filimbi, tarumbeta, kwaya ya wazungu. Gitaa halitobolewi wala kuharibiwa. Linaongezewa tu mdomo wa pili.

Nilifurahi, nikaondoa vikombe, nikalifuta vumbi. Kisha nikagundua kwamba hakuna mtu Kericho nzima aliyekuwa akihitaji kitu kama hicho, nikarudisha vikombe.

Ndipo akaja Arap Mosonik.

Arap Mosonik alikuwa mkulima wa Boito, mtu wa chai kidogo, ng'ombe wachache na gitaa moja jekundu la umeme. Hakuna harusi, mahafali wala sherehe ya kumuaga chifu kule Konoin ambako hakupiga. Alipiga kwa vidole viwili: gumba likishuka, kidole cha shahada kikipanda, na cha pete kikigonga mbao kwa mapigo. Mkono huo aliuchukua kwa mjomba wake aliyekuwa mpigaji wa chepkong', kile kinubi cha Wakipsigis, na hakuona sababu ya kuubadilisha eti kwa sababu sasa kuna stima. Alifunga baiskeli yake nje, akaingia na gitaa mgongoni na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Fundi, chamgei."

"Chamgei mising, Arap Mosonik. Gitaa imekufa tena?"

"Gitaa iko mzima. Ni mimi wananizika."

Akakaa, akanieleza. Binti yake Chebet alikuwa anaolewa. Kama ilivyo kawaida kwetu, mtu akitaka kuoa watu huunda kamati, na kamati ikishaundwa, wenye harusi huwa wageni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Langat, mtu aliyewahi kukaa Nairobi na hakupenda jambo hilo lisahaulike. Kamati ilikuwa imeamua keki itakuwa na ghorofa ngapi, wasimamizi watavaa rangi gani, na kwamba muziki wa kanisani utakuwa wa kinanda, si gitaa.

"Anasema gitaa yangu ni ya kuita ng'ombe nyumbani," Arap Mosonik alisema. "Anasema wageni wa Nairobi watatucheka."

"Na Chebet anasema nini?"

"Chebet hajaulizwa. Bibi harusi anaulizwa nini? Yeye ni wa kuvaa."

Akasugua kofia yake. Kisha akasema jambo lililonifanya nizime redio niliyokuwa natengeneza. "Tangu akiwa darasa la kwanza nilimwambia, siku ukitoka kwangu utatoka na gitaa yangu. Huyo mtoto ndiye alikuwa ananibebea waya nikienda kupiga. Analala karibu na spika, watu wanadansi. Sasa nitakaa kwa kiti kama mgeni, nipige makofi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Nimesikia uko na sanduku."

"Iko. Inashika vikombe."

"Toa vikombe."

Nikatoa vikombe.

Mwalimu Langat alikuja dukani mwenyewe kukagua mpango huo, akiwa na tai na kalamu mfukoni. Alilizunguka sanduku kama mtu anayenunua fahali, akatoa hukumu. "Mimi sina neno na Mzee Mosonik. Tena namheshimu sana. Nikifunga macho nisijue ni gitaa, kamati haina shida. Lakini nikisikia gitaa hata kidogo, tunakodisha kinanda." Kwa maneno mengine, nilipewa kazi ya kumficha mtu aliyekaa mbele ya kanisa zima, na nikaikubali, kwa sababu fundi ni kama daktari wa meno: hachagui mdomo.

Sasa sikilizeni upande wa ufundi, labda siku moja umeme utakatika na mtahitaji akili.

Kwanza, Arap Mosonik alinikataza katakata nisitoboe. "Hii gitaa nilinunua kabla ya ng'ombe," alisema, na kwa Mkipsigis hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho. Nikakibandika kile kidude kwa mkanda wenye gundi pande zote mbili, kwenye nafasi nyembamba kati ya daraja na sumaku ya nyuma. Lazima kila kichwa kikae chini ya uzi wake kabisa. Kikipotoka kidogo, kinaanza kusikiliza habari za jirani, na mnajua wenyewe habari za jirani hukuzwa. Halafu kuna umbali. Ukikandamiza uzi kwenye chuma cha mwisho cha shingo, upande wa tumbo, nafasi kati ya uzi na kichwa isizidi unene wa karatasi ngumu ya pakiti ya majani ya chai iliyokunjwa mara mbili. Kitabu cha maelezo hakikuja na sanduku, lakini pakiti za chai Kericho hazijawahi kupungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi shingo ikagoma.

Nilipomaliza, Arap Mosonik aligusa uzi mwembamba kabisa. Sanduku likakohoa. Akagusa uzi mnene, sanduku likapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Akanitazama. Nikakumbuka kanuni ya Jaduong', nikaegemea ukuta, nikafumba macho, nikasikiliza. Nilikuwa nimekiweka kidude nyuma mbele. Kichwa cha uzi mnene kilikuwa kinamsubiri mnene, kikaletewa mwembamba. Nikabandua, nikageuza, nikabandika upya, nikimweleza mteja kwamba hiyo ilikuwa hatua ya kawaida ya kupima.

Tatizo la pili lilikuwa nyuzi zenyewe. Arap Mosonik hakuwa akibadilisha nyuzi, alikuwa akizichemsha. Zikipoteza mlio alizitoa, akazitia kwenye sufuria ya maji, akazichemsha kama viazi, na mkewe alikuwa amekwisha kutishia kurudi kwao mara kadhaa kwa ajili ya sufuria hiyo. Uzi wa tatu haukuwa hata uzi wa gitaa. Ulikuwa waya uliochambuliwa kutoka breki ya baiskeli.

"Inafanya kazi," alijitetea.

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli nashuka nikifika mteremko."

Masikio ya binadamu yana huruma. Yakisikia uzi uliochoka, yanajazia yenyewe. Sanduku halina huruma. Uzi uliopata kutu haujui unatetemeka kwa noti gani, na sanduku likiulizwa, linabahatisha: mara noti hii, mara ile ya juu yake, mara zote mbili. Tukaagiza seti mpya kutoka Nakuru, na mkewe akapata sufuria yake.

La tatu ni kuchelewa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ili sanduku lijue noti, lazima lingoje uzi utetemeke kidogo. Uzi mwembamba hutetemeka mbio, kwa hiyo hujibu upesi. Uzi mnene hutetemeka polepole. Huo unaamini kabisa kwamba haraka haraka haina baraka. Arap Mosonik alipiga besi, na besi ikaja nyuma kidogo, kama mtu wa kamati anayeitikia amina wenzake wameshakaa. Akaanza kuikimbilia, nayo ikazidi kubaki nyuma, hadi wimbo ukawa mbio za mtu na kivuli chake. Dawa yake ni hii, na iandikeni mahali: besi usipige kwenye uzi mnene. Ipige kwenye nyuzi nyembamba, kisha uliamuru sanduku lishushe noti hadi chini. Uzi unajibu upesi, sauti inatoka nzito. Ilibidi avihamishe vidole kutoka vilikokaa maisha yake yote, kila jioni baada ya kukamua, bila kulalamika. Mimi niliyekuwa nimekaa tu ndiye niliyelalamika.

La nne nusura litufungie duka. Nilikuwa nimechagua tarumbeta ili kujaribu, na amplifaya iko juu, mlango uko wazi. Arap Mosonik akaanza wimbo, na kidole cha pete kikafanya kazi yake ya siku zote, kikagonga mbao. Nyuzi zote sita zikashtuka kwa pamoja. Sanduku, ambalo halikuambiwa kwamba huo ni mdundo, likadhani zimepigwa noti sita, likatoa tarumbeta sita kwa mara moja. Akagonga tena. Tarumbeta tena. Sokoni wanawake wakasimama juu ya kabeji zao.

"Yesu amerudi!" mmoja alipiga kelele.

"Na hatujauza!" mwenzake akajibu.

Nilipunguza usikivu wa sanduku, uzi kwa uzi, hadi likaacha kushtuka ovyo. Lakini kugonga ilibidi kuachwe. Nilimwambia ahamishie mapigo kwenye kisigino chake. Siku mbili tatu kidole kile kilikuwa kikinyanyuka na kusimama hewani, kama mtu aliyesahau jina la anayemsalimu, halafu kinarudi chini polepole. Kikazoea.

Mwalimu Langat akaja kwa jaribio. Akakaa katikati ya duka, akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Arap Mosonik akapiga wimbo wa kuingilia, polepole, safi, hakuna uzi unaokwaruza, hakuna kugonga, hakuna chochote. Kilitoka kinanda cha kanisa kubwa la mjini. Nilijivunia, siwezi kusema uongo. Mimi, mtoto wa laini, zile nyumba za safu za wachuma chai, nilikuwa nimeingiza kanisa zima ndani ya gitaa la mkulima.

"Hapo sasa," alisema Mwalimu Langat, macho bado yamefumbwa. "Hapo sasa kuna kitu. Nani angejua ni mzee?"

Alipoondoka, Arap Mosonik alibaki akifunga gitaa lake katika gunia.

"Fundi, hiyo ni mimi nilikuwa napiga?"

"Ni wewe."

"Sawa," alisema, akatoka.

Siku ya harusi tulifika Boito asubuhi, kanisa likiwa limezungukwa na chai pande zote na jenereta ya kukodi ikinguruma nyuma. Nilikaa kando ya spika, sanduku magotini. Arap Mosonik alikaa mbele kwenye kiti cha mbao, suti ya kijivu, gitaa jekundu mapajani. Kwenye gitaa, kando ya kile kidude, kulikuwa na swichi ndogo: juu ni gitaa peke yake, katikati ni vyote viwili, chini ni sanduku peke yake. Niliiweka chini mimi mwenyewe, na Mwalimu Langat akapita kuhakikisha iko chini.

Akaanza kupiga watu wakiingia. Kilikuwa kinanda kitamu, na wageni wa Nairobi hawakucheka. Waligeuza tu shingo huku na huku wakimtafuta mpigaji. Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma yangu alimnong'oneza jirani yake, "Kinanda ni nzuri. Lakini Arap Mosonik ameshika gitaa anangoja nini?" Nikajifanya sikusikia.

Chebet akatokea mlangoni. Baba yake mdogo ndiye aliyemshika mkono, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa na kazi. Wakaingia hatua chache, halafu akasimama. Hakuna aliyeshangaa, maana siku hizo mabibi harusi walifundishwa kutembea kana kwamba wanapima shamba. Lakini alisimama, akasimama, mpaka wasimamizi wakaanza kugongana nyuma yake. Alikuwa anatazama mikono ya baba yake, kisha spika, kisha tena mikono.

Akauchomoa mkono wake kwa baba mdogo. Akainua gauni kwa mikono yote miwili, akaja mbele kwa miguu ya mtu anayewahi mkutano, si kwa mchumba wake aliyekuwa anangoja akitoa jasho, bali kwangu mimi.

"Fundi, mbona gitaa ya baba haina stima?"

"Iko na stima, mama."

"Usinidanganye. Hizo waya nimebeba tangu nikiwa mtoto. Naona vidole yake inatembea na sisikii kitu. Mmempatia gitaa ya kushika tu, akae hapo kama picha, halafu mmeficha mtu wa kinanda. Mnamfanyia hivyo baba yangu mbele ya watu?"

Mwalimu Langat alikuwa ameshafika na karatasi yake. "Chebet, rudi mlangoni. Programu inasema—"

"Mwalimu, programu ingoje. Mpatieni baba stima, ama mimi siingii."

Hata jenereta nilihisi imepunguza sauti ili isikie vizuri. Nikajaribu kueleza. Nikamwonyesha sanduku, ule waya mnene, vichwa sita. Nikamwambia hakuna mtu aliyefichwa, kwamba kinanda alichokisikia ni baba yake mwenyewe, kila noti. Hakuniangalia hata. Alimgeukia baba yake.

"Ni mimi, Chebet," Arap Mosonik alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi nilikuwa napiga."

Chebet akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe nakujua."

Nimetengeneza vitu vingi maishani, vijana, na nimeharibu vichache, lakini sijawahi kuona kazi yangu ikipimwa kwa haraka na kwa haki namna ile. Nilitaka ardhi ipasuke, mimi na sanduku langu tuingie. Arap Mosonik alimtazama binti yake, akamtazama Mwalimu Langat, ambaye ghafla aliona kitu cha maana sana kwenye karatasi yake. Kisha akapeleka kidole kwenye ile swichi, akaipandisha juu.

Chebet akashusha gauni, akarudi mlangoni, akashika mkono wa baba mdogo, akaingia upya. Safari hii hakupima shamba. Arap Mosonik alipiga kama alivyokuwa akipiga tangu binti yake akiwa darasa la kwanza, ila machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mbao. Alikosea pale mwanzo, akakosea tena katikati, akaruka mstari mzima, na amplifaya yangu niliyoitengeneza kwa bidii ilitoa kila kosa nje, kubwa na wazi, hadi kwenye chai. Wanawake wakaanza kumpokea kwa vigelegele. Na mimi, fundi wa kisasa, nilikaa pale na sauti za dunia nzima magotini, nikalia mbele ya kamati.